Chuma Ndani ya Alumini

Ukiuliza katika gereji za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa nini magari ya zamani yanasifiwa, jibu halichelewi: injini zake zilikuwa za chuma. Hizi za sasa ni za alumini, utaambiwa, na alumini haidumu. Ikichemsha mara moja, kwisha habari yake. Wanaosema hivyo ni watu wenye uzoefu, na maneno yao yana ukweli ndani yake. Lakini hayalingani na kinachopita barabarani mbele ya gereji hizohizo. Toyota Probox, gari lililotoka mwaka 2002 likiwa la kubebea mizigo ya maduka na ofisi za Japani, na ambalo huku kwetu hubeba kuliko alivyokusudia aliyelichora, hutembea kwa injini ya familia ya NZ yenye bloku ya alumini. Baadhi ya Vitz ni hivyohivyo, IST ni hivyohivyo. Ziko ambazo zimevuka kilomita laki tatu na silinda zake hazijawahi kuguswa na mashine.

Bloku ya alumini, basi, huuawa na nini? Na inapoishi, inaishi kwa nguvu ya nini? Ninachokitetea katika sura hii ni kwamba uhai wa injini hizi hauamuliwi na alumini. Unaamuliwa na tabaka jembamba linaloguswa na ringi za pistoni, na jinsi tabaka hilo linavyoshikamana na alumini iliyo nyuma yake pindi joto linapopanda. Historia nzima ya bloku ya alumini ni historia ya watu waliohangaika na tabaka hilo.

Tuanze na metali zenyewe. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kina uzito wa takriban gramu 7.2 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alumini ina gramu 2.7. Kwenye bloku, tofauti hiyo inafika makumi ya kilo, na kilo hizo zimekaa mbele, mahali ambapo gari linahitaji wepesi wa kukata kona na kufunga breki. Tena aloi za alumini hupitisha joto kiasi cha mara tatu ya chuma cha kusubu, kwa hiyo joto la mwako huondoka upesi kwenda kwenye maji. Hadi hapo alumini inaongoza. Inaachwa nyuma pale ringi inapoanza kusugua. Chuma cha kusubu kina vipande bapa vya grafaiti vilivyotapakaa ndani yake. Grafaiti hiyo hulainisha yenyewe, na pale inapong'oka huacha vishimo vinavyotunza oili. Alumini ya kawaida haina hazina hiyo. Pistoni ya alumini ikisugua silinda ya alumini isiyo na kinga yoyote, metali hizo mbili hukwanguana na kung'ang'aniana mpaka injini ikwame.

Na kazi ya ukuta wa silinda si ndogo. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupita ndani ya silinda yake mara 100 kwa sekunde, ikipanda au ikishuka. Kati ya ringi na ukuta kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Utando huo hujengwa na mwendo wenyewe, kwa hiyo pistoni inapofika juu kabisa na kusimama kidogo kabla ya kugeuka, utando hukatika, na ni hapohapo ambapo gesi inayowaka imefikia joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Ndiyo sababu silinda haziliki sawasawa kutoka juu hadi chini. Huliwa zaidi pale juu, na fundi akipitisha ukucha wake kwenye silinda iliyochoka huhisi ngazi mahali ringi ya kwanza ilipokuwa ikigeukia. Michirizi ya kupishana ambayo mashine huichora ndani ya silinda mpya si pambo. Ni mifereji ya kutunzia oili, na ikishafutika, injini huanza kula oili hata kama inavuta vizuri.

Tangu siku za mwanzo kabisa, wahandisi waliitaka alumini kwa ajili ya wepesi na chuma kwa ajili ya kusuguliwa. Ndugu Wright walipohitaji injini ya ndege yao, hawakupata kiwanda cha kuwatengenezea injini nyepesi ya kutosha, kwa hiyo kazi ikamwangukia fundi wao wa duka la baiskeli huko Dayton, Charlie Taylor. Mwili wa injini ile ulisubiwa kwa alumini iliyochanganywa na shaba kiasi cha asilimia 8. Silinda zake zilikuwa mabomba ya chuma cha kusubu. Mwezi Februari 1903, wakati wa majaribio, beringi zilikwama na mwili ule wa alumini ukavunjika; ikabidi usubiwe mwingine. Desemba mwaka huohuo ndege ikaruka. Kwa hiyo injini ya kwanza kumwinua binadamu kwa ndege ilikuwa na muundo uleule wa Probox: alumini nje, chuma pale ringi inapopita.

*

Kisa kilichoiharibia alumini jina kilitokea Marekani, na ninakaa nacho kwa sababu kinafundisha kuliko vingine vyote.

Septemba 1970 kampuni ya Chevrolet ilizindua gari dogo liitwalo Vega. Lilikuwa jibu la General Motors kwa Volkswagen na magari ya Kijapani yaliyokuwa yakiingia Marekani kwa kasi. Bloku ya injini yake ya lita 2.3 ilikuwa ya alumini, na haikuwa na slivu yoyote ya chuma, yaani lile bomba la ndani linalopitiwa na pistoni. Pamoja na kampuni ya Reynolds, wahandisi walitumia aloi yenye silikoni kiasi cha asilimia 17. Kiwango hicho ndicho siri yote. Alumini inaweza kumeza silikoni hadi karibu asilimia 12 ikapoa ikiwa mchanganyiko mmoja. Ukizidisha, silikoni ya ziada hujitenga wakati wa kupoa na kuwa fuwele ngumu sana zilizosambaa ndani ya metali. Baada ya silinda kuchongwa, bloku ilipitishwa kwenye kemikali na umeme ili kula alumini ya juu kidogo tu, na fuwele zikabaki zimejitokeza kama kokoto kwenye sakafu ya zege iliyolika. Ringi ilipita juu ya fuwele, oili ikakaa katikati yake. Pistoni zilipakwa tabaka la chuma, ili kilichosugua silinda kisiwe alumini kwa alumini.

Wazo lilikuwa sahihi. Hilo nitalirudia hata mbele ya anayekumbuka Vega zilizotoa moshi. Kilichokosewa ni mazingira ambamo wazo hilo liliwekwa. Ili kupunguza gharama, juu ya bloku ya alumini iliwekwa silinda hedi ya chuma. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo kila mara injini ilipopata moto na kupoa, bloku na hedi zilivutana pande tofauti, na gasketi iliyo katikati ndiyo iliyolipa. Juu ya bloku, silinda zilisimama bila kushikwa na kuta za nje, maji yakizizunguka hadi kileleni. Rejeta ilikuwa ndogo na maji yote ya mfumo yalikuwa machache. Yakipungua kidogo tu, hakukuwa na akiba. Sili za valvu nazo zilikuwa dhaifu, zikapitisha oili.

Mambo hayo yalipokutana kwenye gari moja, matokeo yakawa haya: maji yanapungua, dereva hana habari, injini inachemsha, silinda zinapoteza mviringo wake, gasketi inaachia, maji yanaingia mahali pa oili, na ule uso wa fuwele uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa unakwanguliwa. Wenye magari walisema alumini imeliwa. Kwa kweli alumini ilikuwa imepindishwa kwanza, ikaliwa baadaye. Chevrolet walikuja kuongeza chombo cha akiba ya maji na taa ya kumwonya dereva maji yakipungua, na mwaka 1976 wakatoa injini iliyorekebishwa yenye dhamana ya miaka 5 au maili 60,000. Jina lilikuwa limeshaharibika. Vega ilikoma mwaka 1977 baada ya magari karibu milioni 2 kutengenezwa. Karakana nyingi za Marekani ziliziokoa bloku zake kwa kuzipanua silinda na kuzipachika slivu za chuma.

Mwaka huohuo wa 1977 Porsche walileta 928, gari la V8 lenye bloku ya alumini isiyo na slivu, iliyojengwa kwa aloi ya aina ileile, yenye silikoni nyingi vilevile, na pistoni zilizopakwa chuma. Mercedes-Benz nao wakaitumia kwenye V8 yao ya lita 5. Injini hizo zilisifika kwa kudumu. Tofauti ilikuwa kwamba hedi pia zilikuwa za alumini, zikatanuka pamoja na bloku, na mfumo wa maji ulikuwa mkubwa wa kutosha. Metali ni ileile, lakini hatima ni tofauti kabisa. Mtu akiniambia alumini haidumu, huwa ninataka kujua anazungumzia Vega au 928.

Wajerumani hawakukosa msiba wao pia. Kampuni ya Mahle ilikuwa imebuni njia ya kuipaka silinda ya alumini tabaka jembamba la nikeli lenye chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu sana na chepesi kwa msuguano. Liliitwa Nikasil na lilifanya kazi nzuri kwenye magari ya mashindano ya Porsche. BMW wakaliweka kwenye V8 zao za mwaka 1992 na baadaye kwenye baadhi ya injini zao za silinda sita. Kisha, hasa Marekani na Uingereza, magari yakaanza kutetemeka yakiwa sailensa na kukataa kuwaka asubuhi. Kompresheni ilikuwa imepotea. Petroli ya huko wakati ule ilikuwa na salfa nyingi. Salfa iliyoungua ikikutana na unyevu ndani ya injini ambayo haijapata moto vizuri hutoa asidi, na asidi ile ilikuwa ikila nikeli. Waliokwenda safari fupifupi, za nyumbani hadi dukani, ndio waliopoteza injini mapema. BMW walibadilisha bloku nyingi, wakaachana na Nikasil, na kwenye injini zao za silinda sita za mwaka 1998 wakarudi kwenye slivu za chuma cha kusubu. Tabaka lililostahimili mbio za saa 24 lilishindwa na kituo cha mafuta cha mtaani.

*

Chuma, basi, kilirudi. Lakini kuweka bomba la chuma ndani ya alumini si jambo la kuchomeka tu, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba kila mwenye gari anaweza kuifuata.

Chukua slivu yenye kipenyo cha nje cha milimita 85, iliyoingizwa kwenye tundu la alumini. Injini ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100, tundu la alumini litatanuka kwa takriban milimita 0.15. Slivu ya chuma, kwa ongezeko lilelile, itatanuka nusu yake, yaani kama milimita 0.075. Kwa hiyo, kama slivu haikubanwa zaidi ya milimita 0.075 wakati ilipokuwa baridi, ikipata moto pamoja na bloku italegea. Katika hali ya kawaida slivu huwa na joto zaidi ya alumini iliyo nyuma yake, na hilo husaidia kuibana. Injini ikichemsha mpaka alumini nayo ikapata moto mkali, msaada huo hupungua. Ndipo slivu inaposogea.

Mfano mkubwa wa jambo hili umepita kwenye barabara zetu wenyewe. Buick ya Marekani, tawi la General Motors, ilitengeneza kati ya mwaka 1961 na 1963 V8 ya alumini ya lita 3.5, ambayo slivu zake za chuma zilitiwa ndani ya kalibu na alumini ikamiminwa kuzizunguka. General Motors waliiacha, na mwaka 1965 Rover wa Uingereza wakanunua haki zake. Rover hawakuwa na mitambo ya kusubu kwa njia ile, kwa hiyo wakabadilisha: bloku ikasubiwa kwa kalibu za mchanga, na slivu zikaja kusukumwa ndani baadaye kwa kubanwa. Injini hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye Range Rover ya mwaka 1970, na kwa muda mrefu ilifanya kazi kwa uaminifu mkubwa.

Kisha wakaanza kuipanua. Silinda za milimita 88.9 zikawa za milimita 94, na bloku kwa sehemu kubwa ilibaki ileile. Kila milimita iliyoongezwa kwenye tundu ilitolewa kwenye ukuta wa alumini ulio nyuma ya slivu. Kwenye matoleo ya lita 4.0 na 4.6 ya miaka ya 1990, yaliyokusudiwa pia kufanya kazi kwenye joto la juu zaidi ili kupunguza moshi wenye sumu, baadhi ya bloku zilipasuka nyuma ya slivu, karibu na mashimo ya bolti za hedi. Ufa huo hauonekani. Dereva huona tu kwamba maji yanapungua na hayajulikani yanakokwenda, hozi zinajaa upepo na kuwa ngumu, gari linachemsha kwenye mlima. Baadaye hutokea sauti ya kugonga kwa haraka, na wengi huidhania ni ya tapeti. Kumbe ni slivu iliyolegea, inapanda na kushuka pamoja na pistoni.

Tiba iliyopatikana inastahili kusifiwa kwa akili yake. Mafundi huichonga bloku na kuingiza slivu yenye ukingo juu, mfano wa pete pana, unaokaa kwenye mfereji uliochongwa kileleni mwa tundu. Hedi ikifungwa, ukingo huo hubanwa na gasketi, na slivu haina tena pa kwenda. Ufa ulioko nyuma yake nao hauna tena njia ya kupitisha gesi.

Njia nyingine ya kuikwepa hesabu ya kulegea ni kuiacha slivu isimame ndani ya maji yenyewe. Waliofanya kazi na Peugeot 404 na 504, magari yaliyoshinda Safari Rally mara nyingi, wanaikumbuka njia hiyo vizuri. Slivu zake zilizungukwa na maji, zimekaa juu ya sili chini na kubanwa na hedi juu. Bloku ya Peugeot ilikuwa ya chuma, lakini Renault 16 ya mwaka 1965 ilitumia mpango huohuo kwenye bloku ya alumini. Uzuri wake ni kwamba silinda zikichoka, fundi hung'oa slivu na pistoni zake, anapachika seti mpya, na injini inarudi ujanani bila mashine kubwa. Malori mengi ya dizeli yanafanya hivyo hadi leo. Ubaya wake ni sili za chini: zikivuja, maji yanashuka kwenye oili.

*

Toyota walichagua njia ya tatu, ileile ya kale ya Buick, wakaifikisha mbali. Katika injini kama 1NZ ya lita 1.5 na 1ZZ ya lita 1.8, slivu nyembamba za chuma cha kusubu huwekwa ndani ya kalibu, alumini ikamiminwa juu yake. Nje ya slivu huachwa makwaruzo makusudi ili alumini ikipoa ishike. Kwenye familia ya ZR ya katikati ya miaka ya 2000 makwaruzo hayo yakawa vijimiiba halisi vinavyozama ndani ya alumini. Slivu ya namna hiyo haitegemei kubanwa peke yake, na habari za slivu kusogea, zilizowatesa wenye Range Rover, ni nadra kusikika kwenye hizi.

Gharama yake iko kwingine. Ili injini iwe fupi na nyepesi, silinda zimesogezwa karibukaribu, na slivu zimefanywa nyembamba mno. Kwenye injini za chuma kama 4A ya Corolla za zamani, kiwanda chenyewe kilitoa pistoni za ovasaizi: silinda ikilika unaichonga, unaweka pistoni kubwa zaidi, unaendelea. Kwa injini hizi mpya, mwongozo wa kiwanda haumpi fundi nafasi hiyo. Silinda ikizidi kipimo, bloku inabadilishwa. Pistoni za ovasaizi za watengenezaji wengine zinapatikana madukani, na wapo wanaochonga na kufanikiwa, lakini kila kinachotolewa kinatoka kwenye ukuta ambao tangu mwanzo haukuwa na akiba.

Hapo ndipo ninapoona mabadiliko makubwa ambayo bloku ya alumini imeyaleta kwenye maisha yetu ya magari, makubwa kuliko uzito au mafuta. Zamani uimara wa injini ulikaa kwa wachongaji wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Injini iliweza kufa na kufufuliwa mara mbili tatu, na dereva mzembe aliokolewa na mashine. Sasa uimara umehamia kwa anayetia maji kwenye rejeta. Silinda ya 1NZ inayotunzwa italika polepole sana, lakini ikishaharibika, wengi hununua injini nyingine iliyotumika kutoka Japani, ambayo historia yake haijulikani, na wanaanza upya na tabia zilezile zilizoiua ya kwanza.

Tabia hizo zinajulikana. Ya kwanza ni maji ya bomba au ya kisima badala ya kulanti. Maji yenye chumvi, yanapozunguka kati ya alumini, chuma na shaba, hujenga mkondo mdogo wa umeme, na katika mkondo huo alumini ndiyo inayoliwa. Hutoboka kwanza kwenye njia za maji za hedi na kwenye pampu. Kulanti yenye dawa za kuzuia kutu huizuia hali hiyo, ilimradi ibadilishwe kabla dawa hazijaisha nguvu.

Ya pili ni kudharau kifuniko cha rejeta. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Themostati ya injini hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Nafasi iliyobaki kati ya kazi ya kawaida na kuchemka ni nyuzi 12 tu. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo la takriban angahewa moja na kuipandisha nafasi hiyo kwa zaidi ya nyuzi 20. Springi yake ikichoka, kinga hiyo yote imeondoka, na ni kitu cha bei ndogo kuliko lita chache za petroli.

Ya tatu ni kung'oa themostati. Fundi anaitoa kwa nia njema ili gari lisichemshe, na geji inashuka kweli. Lakini injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu. Kompyuta inaongeza petroli, petroli isiyoungua inaosha oili ukutani, unyevu na asidi vinabaki ndani, na slivu ile nyembamba inalika kuliko ambavyo ingelika kwenye joto lake. Gari lililochemsha linahitaji kutafutiwa chanzo: feni, pampu, rejeta iliyoziba, gasketi.

Halafu kuna ya nne, ambayo mara nyingi ndiyo inayomaliza kazi: kuendelea na safari. Aloi hizi huanza kupoteza nguvu zinapozidi nyuzi 200, na zikishalainika hazirudii ugumu wake zikipoa. Nyuzi za bolti za hedi hung'oka pamoja na bolti. Uso wa bloku hupinda, na viwanda vingi huruhusu mkunjo wa milimita 0.05 hadi 0.1 tu. Kwenye magari mengi madogo hakuna hata geji, kuna taa ya buluu na taa nyekundu. Na maji yakiisha kabisa, kihisi cha joto hubaki hewani na kinaweza kudanganya kwamba mambo ni shwari. Fundi makini, gari likiletwa limevutwa na kamba, huuliza kwanza: "Mama, taa ilipowaka ulisimama hapohapo, au ulijikongoja mpaka nyumbani?" Jibu ndilo linalomwambia kama anafungua gasketi au anatafuta bloku.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila injini ya alumini inayokula oili ina silinda mbovu. Zile 1ZZ za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, na wengi walilaumu bloku. Tatizo kubwa lilikuwa kwenye pistoni: matundu ya kurudishia oili nyuma ya ringi yalikuwa machache na madogo, yakaziba kwa masizi, ringi zikanata. Toyota walibadilisha pistoni hizo baadaye. Ni bloku ngapi nzima zilitupwa kwa kosa la ringi, hakuna aliyehesabu. Kabla ya kununua injini nyingine, pima kompresheni ikiwa kavu, kisha tia oili kidogo kwenye kila silinda na upime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umechoka. Isipopanda, tazama valvu na gasketi.

Na kama slivu ni lazima iwekwe, kazi hiyo inawezekana hata kwenye alumini, ikifanywa na anayeheshimu hesabu ya ile milimita 0.075. Bloku huchongwa ikabaki ngazi ya chini ya kuikalia slivu, hupashwa moto kwenye tanuri hadi nyuzi 150 hivi, slivu ikapozwa sana, zikakutanishwa kwa mara moja bila nyundo. Baada ya kupoa ndipo silinda inapochongwa kwa kipimo cha mwisho na kuchorwa michirizi yake. Anayepiga slivu kwa nyundo kwenye bloku baridi anamuuzia mteja ile sauti ya kugonga ya Range Rover.

Magari yanayofuata yanaiondoa slivu kabisa. Nissan GT-R ya mwaka 2007 haina slivu: chuma kilichoyeyushwa kwa plazma kimerushwa moja kwa moja kwenye ukuta wa alumini, tabaka lisilofika nusu milimita. Mercedes wana njia yao ya namna hiyo, Ford wana yao, na teknolojia imeshashuka hadi kwenye magari ya kawaida. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo kinachotoka kiwandani leo kitakuwa bandarini Mombasa kabla ya muongo mmoja kwisha. Tabaka hilo likikwanguka halichongwi kwa mashine za kawaida. Ama lirushwe upya na mtambo ambao karakana zetu hazina, ama bloku ipanuliwe ipokee slivu ya chuma, kwa tanuri, kwa ukingo na kwa vipimo vya sehemu za mia za milimita.